Nyatiti ya Ayub Ogada na deni la wenye filamu

NA MWANDISHI WETU, KAKAMEGA

Fahali wawili wanapopangiwa kupigana Malinya au Khayega, ngoma ndizo hutangulia. Kabla hujaona pembe unasikia isukuti ikija barabarani: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, baragumu la pembe ya swara likilia juu yake, vyuma vikichakarika, na kiongozi akirusha mstari unaodakwa na umati. Fahali wa Waisukha na Waidakho hasindikizwi kimyakimya. Mwenyewe huja na waimbaji wake, na mnyama husifiwa njia nzima hadi uwanjani.

Siku hizi simu nazo huwahi. Vijana hupanda juu ya miti na matangi ya maji, wakapiga video, na kabla jua halijawa kali picha zimeshasambaa kaunti nzima.

Zifungue video hizo jioni. Fahali ni wale wale na vumbi ni lile lile, lakini katika nyingi isukuti imefutwa. Mahali pake pamewekwa muziki wa bure wa mtandaoni: vinanda vizito vya kutisha, vile vya filamu za askari wa Kirumi, au mdundo wa Afrika Kusini unaotamba mwezi huo.

Nilipopewa kazi ya kuandika kumbukumbu ya mtunzi mpendwa ambaye muziki wake umesikika katika filamu, video hizo ndizo zilizonirudia akilini. Ninayemkumbuka alikuwa jirani. Toka Kakamega, teremka kupitia Chavakali, Majengo na Kiboswa, na kabla hujatimiza kilomita 60 umeshafika kwao, upande wa Kisumu. Aliitwa Ayub Ogada. Alifariki nyumbani kwake Nyahera mwanzoni mwa Februari 2019, akiwa na umri wa miaka 60 na ushei.

Wapo Wakenya wengi wasiolijua jina hilo lakini wanaoujua wimbo wake Kothbiro, ule wa kutangaza kwamba mvua inakuja. Waliusikia katika The Constant Gardener, filamu ya mwaka 2005 iliyopigwa Nairobi, Kibera na Loiyangalani. Wengine waliusikia kwa mara ya kwanza hapo, sauti nyororo isiyo na haraka na nyuzi zinazozunguka palepale, wakauliza huyu ni nani.

Kanuthia wa mwaka 1985

Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, na jina lake la kwanza lilikuwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na sehemu ya utoto wake aliishi Chicago, Marekani, ambako familia iliwapigia Wamarekani muziki wa Wajaluo. Kwa hiyo mtoto huyu alijua mapema jambo ambalo wenzake wa Nyanza hawakuwa na sababu ya kulijua: kwamba muziki wa nyumbani unaweza kusimamishwa mbele ya watu wasioelewa hata neno moja, na wakatulia kuusikiliza.

Miaka ya 1970 alikuwa Nairobi na kundi la Black Savage, vijana wa mjini waliopenda gitaa la umeme. Kothbiro ulirekodiwa kwanza na kundi hilo. Mwaka 1979 akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band, iliyofungamana na jumba la sanaa la jina hilo lililoanzishwa na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, pamoja na Mmarekani Alan Donovan.

Ndipo nyatiti ikawa ala yake. Kwa asiyeiona kwa karibu: ni ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji huiinamia akiwa ameketi kwenye kigoda kifupi. Vidole vya mikono vinadonoa nyuzi huku pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao, na njuga za kifundoni zikitikisika. Mtu mmoja anatosha kuwa bendi.

Mwaka 1985 ikaja Out of Africa. Sydney Pollack aliielekeza, Meryl Streep akawa Karen Blixen, Robert Redford akawa mpenzi wake. Ukisoma orodha ya waigizaji polepole unamkuta: Job Seda, katika nafasi ya Kanuthia. Filamu ilipata tuzo saba za Oscar, moja ikiwa ya muziki. Muziki ulitungwa na Mwingereza John Barry.

> Kati ya Oscar tano alizopata John Barry maishani, tatu zilitokana na filamu mbili zilizopigwa Kenya.

Barry hakuwa mgeni wa mandhari yetu. Born Free, filamu ya mwaka 1966 ya simba Elsa, ilikwishampa Oscar mbili, ya muziki na ya wimbo. Hakuna mtunzi Mkenya aliyewahi kufaidi namna hiyo kutokana na milima na mbuga za Kenya.

Inasimuliwa kwamba Pollack mwanzoni alitaka muziki wa Kiafrika katika Out of Africa, na Barry ndiye aliyemgeuza. Hoja yake: hii ni hadithi ya mapenzi ya Wazungu wawili, basi muziki na uwe wa mioyo yao. Nimeisikiliza tena kazi hiyo wiki hii nikitafuta sababu ya kumkasirikia, nikashindwa. Ni muziki mzuri mno. Ndege ile ndogo inapopaa juu ya tambarare, vinanda vinafanya kile hasa Barry alichokusudia.

Lakini matokeo yake hayakuishia kwa wapenzi wale wawili. Kizazi kizima cha watazamaji duniani kilifundishwa kwamba Kenya ikitazamwa kutoka juu hutoa sauti ya fidla. Na katika filamu hiyohiyo alikuwapo kijana ajuaye nyatiti, amesimama mbele ya kamera kama Kanuthia, kazi yake kuonekana.

Miaka 20 baadaye

Mwaka 1986 alihamia Uingereza. Alipiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi vya London, kofia chini, abiria wakipita mbio. Huko ndiko alikosikiwa na watu wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1988 akapanda jukwaa lao. Kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ikamrekodi, na mwaka 1993 ikatoka En Mana Kuoyo, albamu ambayo hadi leo sijaona ya nyatiti inayoipiku kwa utulivu. Kothbiro wa albamu hiyo si ule wa Black Savage. Umevuliwa kila kitu, ukabaki sauti, nyuzi na mapigo machache.

Ndio uliomfikia Mbrazili Fernando Meirelles alipokuwa akiigeuza riwaya ya John le Carré kuwa The Constant Gardener. Mtunzi wa filamu hiyo alikuwa Mhispania Alberto Iglesias, ambaye kazi yake iliteuliwa kuwania Oscar. Ogada aliingia kama mwenye wimbo.

Basi miaka 20 ilimpeleka Ogada kutoka kuonekana bila kusikika hadi kusikika bila kuonekana. Hayo ni maendeleo, na sina nia ya kuyabeza. Wimbo ule ulimpa jina pasipofikiwa na nyatiti yoyote kabla yake. Ila kiti cha mtunzi wa filamu inayohusu Kenya, kile ambacho Barry alikikalia mara mbili na Iglesias mara moja, hakuwahi kukikalia.

Wimbo ni mmoja, karatasi ni mbili

Tofauti hiyo inahitaji kuelezwa, kwa sababu hata wasanii wengi huichanganya.

Mtunzi wa filamu huitwa, huketi na mwelekezi, wakaitazama picha onyesho kwa onyesho na kuamua muziki uanzie wapi na unyamazie wapi. Halafu hutunga kwa kipimo cha sekunde. Hulipwa kwa kazi hiyo, na jina lake hukaa karibu na la mwelekezi mwenyewe.

Mwenye wimbo huombwa ruhusa tu. Ruhusa zenyewe ni mbili: ya aliyetunga na ya anayemiliki sauti iliyorekodiwa, ambao mara nyingi si mtu mmoja. Baada ya hapo kila muziki uliotumika huandikwa kwenye orodha: jina, mtunzi, sekunde ngapi, onyesho lipi. Runinga zinapoonyesha filamu, mirabaha hufuata orodha hiyo. Jina lako likikosekana humo, filamu inaweza kuonyeshwa kutoka Lamu hadi Lisbon na usipate hata nauli ya matatu.

Hapa ndipo watu wanapogawanyika. Wapo watayarishaji wanaosema Ogada alibahatika kwa sababu moja isiyo na ushairi: karatasi zake zilikuwa safi. Wimbo ulikuwa na kampuni, kampuni ilikuwa na ofisi, ofisi ilikuwa na mtu wa kujibu barua. Mwelekezi mwenye haraka hatangi na njia ya vumbi kumtafuta mrithi wa mtunzi.

Ni vigumu kuwapinga ukiangalia Kakamega yenyewe. Hapa ndipo alipotoka George Mukabi, fundi wa gitaa la omutibo, mtindo wa vidole viwili huku mwenzio akikwaruza chupa ya Fanta yenye mistari. Aliuawa mwaka 1963 akiwa bado kijana, nyimbo zake zikabaki kwenye sahani zilizotawanyika. Ilifika mwaka 2017 ndipo zikakusanywa vizuri katika albamu ya Furaha Wenye Kiu, na waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa Marekani. Gitaa lile lingeweza kubeba filamu nzima ya Kenya ya miaka ya uhuru. Kwa zaidi ya miaka 50 mwelekezi aliyelitaka hangejua hata abishe hodi kwa nani.

Upande wa pili unasema karatasi si hoja. Wimbo wa Kiafrika katika filamu za nje, wanadai, hutiwa kama chumvi: kidogo, mwishoni, mboga ikishaiva. Mpishi ni mwingine. Na hata hiyo chumvi yenyewe, mara nyingi hailipiwi.

Wanao ushahidi mzito. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939 na kupewa shilingi 10. Wimbo ukageuzwa The Lion Sleeps Tonight, ukaizunguka dunia, ukaingia katika The Lion King ya mwaka 1994. Linda alikuwa ameshakufa maskini mwaka 1962. Binti zake walisubiri hadi mwaka 2006 kupata maafikiano.

> Jina likikosekana kwenye orodha, filamu inaweza kuonyeshwa kutoka Lamu hadi Lisbon na mtunzi asipate hata nauli ya matatu.

Kwa Ogada hesabu ilikuwa bora. Juni 2018 mwanamuziki wa Marekani Kanye West alitoa Yikes, uliobeba kipande cha Kothbiro wa Black Savage, ule wa kale kabisa. Katika orodha ya watunzi wa Yikes yamo majina James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Miaka mingi baada ya vijana wale kuingia studio Nairobi, karatasi ilikuwa bado inasema. Ogada aliishi miezi minane tu baada ya hapo.

Vitimbi tunavikumbuka, ala je?

Kwa filamu za nje tunao wa kuwalaumu. Kwa runinga yetu wenyewe tutamlaumu nani?

Waliokua na Sauti ya Kenya, VOK, ambayo baadaye ikawa KBC, wanaweza kukutajia wahusika wa Vitimbi, Vioja Mahakamani, Tushauriane na Tausi bila kupumzika. Mzee Ojwang alipofariki mwaka 2015 nchi ililia. Mama Kayai hahitaji kutambulishwa mahali popote hapa magharibi. Muziki wa kufungulia vipindi hivyo nao haukusahaulika: mpe mtu wa miaka 50 nafasi, atakuimbia kwa midomo mitupu, mapigo yote mahali pake. Muulize aliyetunga. Atakutazama kana kwamba umemuuliza aliyetunga mvua.

Ni kosa la vyumba vya uhariri pia. Sisi waandishi tumejaza kurasa kwa maisha ya waigizaji na hatukumtafuta aliyekuwa kwenye kinanda.

Sheria imejaribu. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka asilimia 40 ya vipindi vya vituo iwe ya humu nchini, na tuzo za Kalasha zina nafasi ya muziki wa filamu. Lakini kanuni huhesabu saa za kipindi, haziulizi muziki wake umetoka wapi. Kipindi kinachopigwa harakaharaka ili kiwahi juma lijalo hununua muziki wa kapu kutoka ng'ambo, kwa ada ndogo ya mwaka, kikaweka huzuni namba nne chini ya mama anayelia Lugari. Kinahesabiwa kuwa cha kwetu.

Isukuti ni ya nani?

Sasa turudi kwenye ngoma. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu zilizotolewa hazimshangazi mkazi wa hapa: wajuzi wamezeeka na wengine wamekwenda, warithi ni wachache, fedha na malighafi za kutengenezea ala ni haba, na watunzi wanapendelea muziki wa burudani unaouzika.

Kwa mtu wa filamu isukuti ina tatizo lake la pekee. Kothbiro una watunzi wenye majina. Isukuti ni ya kijiji. Hakimiliki ya kawaida nchini hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake; jamii haifi ikahesabiwa miaka 50.

Ndiyo maana ilitungwa sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inataka jamii iombwe ridhaa, itajwe na inufaike, na inazipa serikali za kaunti kazi ya kutunza rejista. Kwenye karatasi, Kakamega ina silaha ambayo akina Linda hawakuwa nayo.

Wenye ngoma wanaipenda lugha hiyo, na wana haki. Wamechoka kuitwa kwenye sherehe za wakubwa, wakarekodiwa kutoka pande zote, kisha wakajiona kwenye tangazo la biashara ambalo hawakuambiwa.

Watengeneza filamu wachanga wa mji huu nao wana wasiwasi wa haki. Kijana anayehariri kwa kompyuta ya kuazima hawezi kuzunguka ofisi tatu na kikao cha wazee kwa ajili ya sekunde 20 za ngoma. Programu ya simu inampa muziki wa bure kwa mguso mmoja. Ukiongeza vikwazo, atauchukua huo wa bure, na isukuti itafutwa kwenye video zaidi kuliko sasa. Sheria ya kulinda sauti itakuwa imeizima.

Kwa maoni yangu pande hizi mbili zinagombana kwa sababu zinazungumzia pesa tofauti. Tangazo la benki au la bia lilipe, tena lilipe vizuri, na mkataba usomwe kwa lugha ambayo wapiga ngoma wanaielewa. Filamu ya mwanafunzi isilipe shilingi, lakini iandike: isukuti, Waisukha, kikundi fulani, kijiji fulani. Na kikundi kilichorekodiwa kina haki zake kama watumbuizaji, mbali na haki ya jamii, jambo ambalo wapiga ngoma wengi hawajawahi kuambiwa. Kaunti ingeweza kurahisisha yote haya kwa kitu kimoja cha kawaida kabisa: hazina ya isukuti iliyorekodiwa vizuri, kila wimbo na jina la kikundi chake, bei ya biashara ikiwa imeandikwa na matumizi ya shule yakiwa bure. Mwelekezi wa haraka angepata ofisi ya kujibu barua, kama Meirelles alivyoipata ya Ogada.

Kuhusu vyama vya kukusanya mirabaha sitasema mengi. Mivutano yao ya leseni na Bodi ya Hakimiliki imewachosha hata wasanii wenyewe, na malalamiko ya malipo duni yanajulikana.

Aprili na Agosti

Ogada alirudi Kenya mwaka 2007. Hakuja kupumzika. Mwaka 2015 ikatoka Kodhi, aliyoifanya na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren, na wageni waliendelea kumtafuta Nyahera hadi mwisho.

Alikuwa mwigizaji na mwanamuziki kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linalonisumbua ninapotazama shule za Kakamega, ambazo kwa vipaji vyote viwili hazina mpinzani wa karibu. Tamasha la kitaifa la drama na filamu huwa Aprili. Wanafunzi huja na filamu zao fupi, zimeandikwa kwa bidii, zimepigwa kwa kamera ya kukodi, chini yake muziki wa kapu. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huwa Agosti. Shule zilezile huleta isukuti iliyopangwa kwa ustadi hadi waamuzi wanasahau kalamu.

Kati ya Aprili na Agosti ni miezi minne, na mwalimu wa drama na mwalimu wa muziki hunywa chai katika chumba kimoja cha walimu. Kinachotakiwa ni mmoja wao amwombe mwenzake, kabla ya kamera kuwashwa Januari, ampe msichana wa kwaya hati ya filamu aisome na kumwambia ni onyesho lipi linahitaji ngoma, na lipi linahitaji zinyamaze.